Mbegu za nyanya madukani Mtwara na Lindi: ipi inahimili pwani, ipi ina ladha

Maduka mengi ya pembejeo Mtwara mjini, Lindi, Masasi na Nachingwea hupanga kwenye rafu ya nyanya majina yaleyale: Tanya, Tengeru 97, Cal J, Roma VF, Rio Grande, Money Maker, na chotara chache zenye F1 mwishoni mwa jina. Ukiuliza, utajibiwa kwamba zote zinastahimili magonjwa. Jibu hilo si uongo, ila halijakamilika. Kila mbegu ina magonjwa yake inayoyakinga, na ugonjwa unaomaliza nyanya mabondeni huku kusini mara nyingi haumo kwenye orodha hiyo. Hapa tunazipima mbegu hizi kwa mambo mawili tu: zinakinga nini katika joto la pwani, na zina ladha gani zikishafika jikoni.

Tuanze na muuaji mwenyewe, mnyauko bakteria. Mmea unalegea mchana wa jua ukiwa bado kijani kabisa, jioni unajikaza kidogo, na baada ya siku chache umekufa wima. Majani hayakupata hata nafasi ya kugeuka manjano. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, hupenda joto na unyevu, hukaa ardhini miaka mingi, na husafiri kwa maji ya mfereji, kwa jembe na kwa miguu ya mpalilizi. Kuuthibitisha hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe wa ute ukishuka kutoka kwenye mkato. Mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu wa Fusarium, hautoi ute huo. Wenyewe huanza kwa majani ya chini kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na shina ukilipasua kwa urefu unakuta mistari ya kahawia ndani. Kipimo hiki ni muhimu kabla ya kununua mbegu yoyote, kwa sababu karibu kila pakiti iliyo kwenye rafu ina kinga ya fuzari, na ni chache mno zenye kinga ya bakteria.

Sasa herufi. Pakiti ya nyanya husomwa kama cheti. V ni mnyauko wa Verticillium, F ni fuzari, N ni minyoo fundo wanaovimbisha mizizi, T au ToMV ni virusi vya batobato, TYLCV ni virusi vya kukunja majani ambavyo wakulima huviita rasta. Mnyauko bakteria mara nyingi huandikwa Rs. Kama hakuna Rs kwenye pakiti, chukulia kwamba hakuna kinga, hata kama maelezo ya nyuma yanasema mbegu inastahimili mnyauko, maana mnyauko unaosemwa huwa ni wa fuzari. Kuna na HR na IR: HR ni ukinzani wa juu, IR ni ukinzani wa kati, yaani mmea utaugua ila utachelewa na utazaa. Na mtu asichanganye F1 ya kwenye jina na F ya fuzari. F1 maana yake ni chotara wa kizazi cha kwanza, haisemi lolote kuhusu ugonjwa. Fuzari yenyewe ina mbari tatu zinazojulikana. F moja pekee ni kinga ya mbari ya 1 tu. Pakiti za kisasa huandika Fol:0 kwa mbari ya 1 na Fol:1 kwa mbari ya 2, namba zikiwa nyuma kwa moja, jambo linalowapotosha hata wauzaji wazoefu.

Roma VF, Cal J na Rio Grande ziko kwenye kundi moja: mimea mifupi inayojitegemea, matunda ya ganda nene, kinga ya V na F. Ni uzalishaji wa zamani uliofanywa kwa ajili ya viwanda na safari ndefu. Roma ilitolewa Marekani mwaka 1955, na kinga yake ya fuzari ina asili ya nyanya pori ya Amerika Kusini, Solanum pimpinellifolium, yenye matunda madogo kuliko gololi. Kwa pwani yetu, kinga ya V ni kama haina kazi, kwani Verticillium ni ugonjwa wa udongo wa ubaridi. Unalipia herufi ambayo haitakutetea Mikindani wala Mingoyo. Kati ya hizo tatu, Cal J huiva karibu yote kwa pamoja, inamfaa anayeuza kwa ndoo au kwa tenga siku moja akamaliza. Rio Grande hutoa tunda kubwa zaidi, lakini maji yakikatika wiki moja na kurudi kwa wingi, kitako cha tunda kinaoza na kuwa cheusi. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalsiamu iliyoshindwa kufika mwisho wa tunda kwa sababu maji hayakwenda sawasawa, na matunda marefu huumia zaidi ya yale ya mviringo.

Tanya ndiyo inayopendwa na wachuuzi. Ngumu, haipasuki ndani ya tenga, na mmea ni mfupi. Ladha yake ni ya wastani: nyama nyingi, maji machache, ukali mdogo. Kwa rosti ni nzuri. Kwa kachumbari inakosa uchachu.

Mbegu tunayoipa nafasi ya kwanza miongoni mwa zisizo chotara ni Tengeru 97. Ilitolewa mwaka 1997 na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani Tengeru, Arusha, kutokana na vizazi vya Kituo cha Mboga cha Dunia. Ina kinga ya fuzari, ya minyoo fundo na ya virusi vya batobato, ganda lake linavumilia safari, na kwa kuwa si chotara unaweza kukamua mbegu yako mwenyewe msimu hadi msimu. Hurefuka kuliko Tanya, hivyo inadai miti ya kuifungia na kupogoa matawi ya chini. Anayeilima bila miti hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, kwa kuwa matunda yanayogusa ardhi yenye unyevu huoza.

Lakini kuna jambo ambalo pakiti haiwezi kukuambia. Kinga ya minyoo fundo katika nyanya karibu zote duniani inatokana na jeni moja, yaani chembe ya urithi, iitwayo Mi, iliyochukuliwa kwenye nyanya pori Solanum peruvianum katika miaka ya 1940. Jeni hiyo hulegea udongo ukizidi nyuzijoto 28. Tengeru iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kule udongo ni wa wastani na Mi inafanya kazi yake. Udongo wa kichanga wa pwani usiofunikwa, Oktoba na Novemba, hupita nyuzi 28 mchana bila shida, na mchanga ndio makao wanayoyapenda minyoo hao. Hapo mkulima hung'oa mmea wenye herufi N akakuta mizizi ina mafundo, akadhani ameuziwa mbegu bandia. Inawezekana mbegu ni halali kabisa, na joto ndilo lililoizidi nguvu. Dawa ya hili ni matandazo: nyasi kavu au majani ya mpunga unene wa sentimita 5 hadi 8, yawekwe wiki ya pili baada ya kuhamisha miche, mbali kidogo na shina. Matandazo yanaupoza udongo vya kutosha kuirudishia kinga sehemu ya nguvu yake.

Joto hilohilo lina neno na maua pia. Nyanya za kawaida hushindwa kutunga usiku ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 21 hadi 24, chavua inakosa uhai na maua yanapukutika. Mbegu nyingi za rafuni zilichaguliwa sehemu zenye usiku wa baridi. Kwa hiyo kalenda ni sehemu ya mbegu: kitalu mwishoni mwa Aprili au Mei mvua zikipungua, miche shambani ikiwa na wiki 3 hadi 4, maua yaangukie Juni hadi Agosti usiku unapopoa. Anayehamisha miche Septemba kwa tamaa ya bei ya Desemba atafute chotara iliyoandikwa kwamba inatunga kwenye joto, na hata hiyo asitegemee matunda ya Julai. Wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, wana nafasi pana zaidi upande wa joto, ingawa kwao shida ni maji.

Money Maker inastahili maneno machache. Ndiyo yenye ladha bora kuliko zote tulizozitaja, uchachu na utamu vimekutana, ngozi laini. Haina kinga yoyote ya maana, na ganda lake haliwezi safari ya kutoka Ndanda hadi Mtwara juu ya lori. Ni nyanya ya uani, ya kupanda mashina 20 karibu na jiko, si ya shamba.

Chotara je? Bei ya mbegu iko juu mara nyingi, na kwa mtu wa robo ekari si lazima iwe kikwazo. Hesabu ni hii: nafasi ya sentimita 75 kwa 50 inaweka miche kama 10,800 kwa ekari, basi robo ekari ni miche 2,700. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina punje kama 300. Ukiweka hasara ya kutoota na ya kitaluni, mbegu ya kawaida gramu 50 inatosha ekari nzima. Chotara hununuliwa kwa idadi ya punje, na kila punje ioteshwe kwenye trei, si kutawanywa kwenye tuta. Assila F1 ni fupi na inatajwa kuhimili TYLCV. Anna F1 ni ndefu, isiyokoma kukua, imekusudiwa nyumba za kitalu zenye kamba za kufungia. Kuipanda bondeni bila miti ya mita 2 ni kuitesa.

Kinga ya rasta ni sababu nzuri ya kulipa zaidi, hasa shamba likiwa karibu na mihogo au bamia zenye nzi weupe, wanaosambaza virusi hivyo. Jeni za Ty-1 na Ty-3 zilitoka kwenye nyanya pori Solanum chilense, na mmea wenye jeni hizo hupata virusi lakini hauviachii viongezeke. Tahadhari moja: virusi vya kukunja majani vilivyotambuliwa Tanzania katika miaka ya 1990 ni ndugu wa TYLCV, si TYLCV yenyewe. Kwa hiyo kinga iliyopimwa kwa TYLCV inaweza kupungua hapa. Funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo hadi siku ya kuhamisha. Mche ukiambukizwa kabla ya kutoa maua, hata herufi inaweza isiuokoe. Na kwa kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda aliyeingia nchini mwaka 2014, hakuna herufi kabisa kwenye pakiti yoyote ya hapa. Hiyo ni kazi ya mitego ya harufu ya jike na kuokota matunda yaliyotobolewa.

Kuhusu maduka yenyewe, kosa tunaloliona baya kuliko yote ni kopo lililofunguliwa na mbegu kupimwa kwa kijiko kwenye karatasi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kanuni ya watunza mbegu ni kwamba kila asilimia moja ya unyevu ndani ya punje ikipanda, maisha ya mbegu hupungua kwa nusu, na kila nyuzi 5 za joto zikipanda hupungua kwa nusu tena. Kopo lililokaa wazi wiki chache Mtwara mjini haliko sawa na lilivyotoka kiwandani, hata kama tarehe ya mwisho bado mbali. Kataa pia pakiti iliyoning'inizwa dirishani juani. Duka zuri huweka mbegu rafu ya ndani, mbali na viuatilifu, na kila kopo lina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, namba ya fungu na tarehe ya kupimwa uotaji. Ukifika nyumbani, hesabu punje 50, ziweke kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, subiri siku 7. Zikiota chini ya 40, ongeza mbegu kitaluni au rudisha kopo.

Na kama kipimo cha glasi kilionyesha ute mweupe? Hapo ushauri wetu ni kuacha kutafuta pakiti. Mbegu nyingi zenye Rs huwa za IR, na bakteria wa sehemu moja si wale wa sehemu nyingine. Kuna njia mbili zenye nguvu zaidi. Ya kwanza wakulima wa mabonde ya mpunga, Kitere na bonde la Lukuledi, wanayo tayari: nyanya ifuate mpunga. Shamba lililokaa ndani ya maji miezi kadhaa hupunguza bakteria na minyoo fundo kwa kiasi kikubwa, ilimradi nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo visirudi hapo msimu baada ya msimu.

Ya pili ni kuunganisha nyanya juu ya shina la bilinganya sugu. Si kila bilinganya inafaa. Inayojulikana ni EG203 ya Kituo cha Mboga cha Dunia. Bilinganya za sokoni nyingi hufa kwa bakteria huyohuyo. Panda bilinganya kwanza, nyanya ifuate siku 3 au zaidi baadaye, kwa kuwa bilinganya huota polepole. Mashina yote mawili yakiwa na unene wa milimita 2 hivi na majani 2 hadi 3, kata kwa wembe mpya kwa mshazari, kata ya juu na ya chini zifanane, bana kwa klipu au kipande cha mpira mwembamba. Weka ndani ya kibanda cha nailoni chenye kivuli na unyevu mwingi, kifungwe kabisa siku 3 za mwanzo, kisha kifunguliwe kidogo kidogo hadi siku ya 8 au 9. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni joto ndani ya kibanda kupita nyuzi 32. Ongeza kivuli, usiongeze maji juu ya majani. Shambani, kiungo kibaki juu ya udongo sentimita kadhaa. Kikifukiwa, nyanya hutoa mizizi yake yenyewe na bakteria wanapata mlango. Vichipukizi vya bilinganya chini ya kiungo vikatwe kila wiki.

Sasa ladha, ambayo madukani haiulizwi kabisa. Ladha ya nyanya ni sukari, asidi, na harufu nyepesi nyingi zinazopanda puani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, ukiongozwa na wanasayansi wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Florida, ulichunguza aina karibu 400 na kuonyesha kwamba nyanya za kisasa za biashara zimepoteza sehemu ya harufu hizo, kwa kuwa wazalishaji walichagua ugumu, ukubwa na mavuno. Mwaka 2012 ilijulikana pia kwamba kule kupendelea tunda linaloiva rangi moja bila mabega ya kijani kulipunguza sukari, kwa sababu jeni ya mabega hayo ndiyo inayoendesha utengenezaji wa chakula ndani ya tunda bichi. Kwa hiyo mnunuzi wa Soko la Sabasaba anayekataa nyanya yenye mabega ya kijani huenda anaikataa iliyo tamu.

Sehemu ya ladha iko mikononi mwa mkulima. Punguza maji tunda la kwanza likianza kubadilika rangi, usiache kabisa. Acha kuweka urea wakati huo. Usivune kijani. Na nyanya iliyoiva isiwekwe kwenye friji, baridi ya chini ya nyuzi 12 huua harufu.

Lakini kinga na ladha kwa pamoja, kwa joto la pwani, hakuna kopo lenye hivyo vyote leo. Njia iliyobaki ni kuchagua wenyewe, na mzazi mzuri yupo: vinyanya vidogo vinavyojiotea jalalani na pembeni mwa mashamba ya korosho, vyenye uchachu unaoweza kushika nafasi ya ndimu kwenye mchuzi wa nguru, na vinavyotunga hata Novemba. Mvushe huyo na Tengeru 97. Chagua ua la Tengeru 97 ambalo petali zake zinaanza tu kuwa njano na bado limefumba. Kwa kibano, toa koni yote ya stameni, sehemu za kiume za ua, bila kugusa kikonyo cha kati, ambacho ni sehemu ya kike. Kesho yake asubuhi, tikisa ua lililofunguka la kinyanya juu ya kijiko, chukua chavua na upake kwenye ncha ya kikonyo. Funga uzi wa rangi. Tunda litaiva baada ya siku 45 hadi 60.

Kizazi cha kwanza kitazaa matunda madogo, karibu zaidi na kinyanya kuliko Tengeru. Usikate tamaa hapo, udogo hutawala. Utofauti hutokea kizazi cha pili, kwa hiyo panda kisichopungua miche 100, na ipandwe kwenye sehemu iliyoua nyanya msimu uliopita, bila dawa ya kuvu. Itakayosimama ndiyo ya kuonja. Onja kutoka shada la pili au la tatu, matunda matatu kwa kila mmea, na chagua mmea, si tunda moja lililopendeza. Kipima sukari cha mkononi kinasaidia: nyanya nyingi za sokoni husoma 4 hadi 5, na mmea unaosoma 6 ukiwa na tunda la gramu 50 unafaa kuendelezwa. Usitegemee tunda kubwa, tamu na linalohimili bakteria kwa pamoja. Katika uzalishaji wa nyanya, ukinzani wa bakteria umekuwa ukifuatana na matunda madogo kwa miongo mingi. Kila kizazi baki na mimea 5 hadi 10, mbegu za kila mmea zitengwe, hadi kizazi cha sita ambapo ndugu wanafanana.

Mbegu zikamuliwe na ute wake kwenye kikombe, zikae saa 24 hadi 36 tu kwa joto la huku. Zikizidi zinaanza kuota humohumo. Zioshe, zanikwe kivulini kwenye wavu, si kwenye karatasi zitakakonatia wala kwenye bati la moto. Zikivunjika badala ya kupinda, zitie kwenye chupa ya kioo yenye mchele uliokaushwa jikoni chini yake, ikiwa na lebo ya mama, baba, kizazi na tarehe.